Mashine ya kufulia: Jua kilichoua ya zamani kabla ya kununua nyingine

Na Mwandishi Wetu

Mashine ya kufulia nguo ikifa, mwenye nyumba hana muda wa kutafakari. Sare za shule zimerundikana, mtoto mchanga anahitaji nepi kavu, na msaidizi wa nyumbani aliyeajiriwa kwa kuambiwa kuwa mashine ipo ameanza kununa. Mshahara ukitoka mtu anakwenda Kariakoo, anauliza bei katika maduka matatu, anachukua iliyo nafuu au yenye jina linalofanana na la televisheni yake, anaipakia kwenye Kirikuu na shauri linakwisha. Baada ya miezi kadhaa shauri linaanza upya.

Safu hii wiki hii inazungumzia ununuzi huo wa mara ya pili, kwa kuwa ndipo fedha nyingi za familia zinapopotea bila sababu. Mnunuzi wa mara ya kwanza ana udhuru kwamba hajui. Wa mara ya pili anayo taarifa yote anayoihitaji, nayo ni ile mashine mbovu iliyoko uani, imefunikwa turubai. Mashine hiyo imeishi na maji ya nyumba ile, umeme wa nyumba ile na mikono ya watu wa nyumba ile. Akiiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu bila kuifungua, upo uwezekano mkubwa kwamba atanunua nyingine itakayokufa kwa ugonjwa ule ule.

Mwandishi anayasema haya akiwa amekwisha kulipa ada. Dada yangu mkubwa anaishi nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, katika nyumba inayotumia maji ya kisima yenye chumvi. Mashine yake ya kwanza, yenye mlango wa mbele, ilianza kunguruma kama lori wakati wa kukamua. Fundi aliyeitwa alisema ni beringi, kwamba pipa la nje limeunganishwa kiwandani na halifunguki, na kwamba kununua pipa zima ni karibu sawa na kununua mashine. Tukakubali. Mimi, niliyesomea biashara na kuonekana katika ukoo kuwa ndiye mjuzi wa bei, nikaenda naye kuchagua nyingine. Tulichukua mtumba wa aina ile ile, mlango wa mbele, safi kwa macho, katika duka ambalo nisingependa kulitaja. Mwezi wa tano ngurumo ikarudi.

Ndipo fundi wa pili alipoomba kuifungua ile ya kwanza iliyokuwa bado uani. Alikata pipa kwa msumeno. Nyuma ya pipa la ndani kuna chuma cha mikono mitatu kinachobeba uzito wote wa nguo, na katika mashine nyingi chuma hicho ni cha alumini. Mkono mmoja ulikuwa umeliwa na kubaki unga mweupe, na sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi ilikuwa imekwisha. Mashine ya pili ilipofunguliwa ilikuwa njiani kuelekea huko huko. Tulikuwa tumenunua ugonjwa mmoja mara mbili.

KUMSOMA MAREHEMU

Si kila mashine iliyonyamaza imekufa. Hapa ndipo msomaji anaweza kuokoa fedha nyingi zaidi kuliko kwa kupatana bei Kariakoo siku nzima. Mashine ya mapipa mawili ambayo inavuma bila kuzunguka, lakini ukilisukuma pipa kwa mkono inaondoka, kwa kawaida imekufa kapasita tu, na kapasita ni kitu kidogo cha bei ndogo. Mashine isiyotoa maji machafu huenda imemeza sarafu, pini ya nywele au soksi ya mtoto iliyokwama kwenye pampu. Mashine ya mlango wa mbele yenye mota ya kaboni ikisimama ghafla baada ya miaka mingi ya kazi, kaboni zimeisha kama zinavyoisha za starta ya gari. Haya matatu ni matengenezo ya nusu siku.

Magonjwa mengine ni makubwa, na kila moja linaonyesha chanzo chake. Ngurumo wakati wa kukamua, pamoja na alama ya kutu au matone ya maji nyuma ya pipa, ni beringi na sili, na chanzo mara nyingi ni maji, sabuni au kujaza nguo kupita kiasi. Mashine iliyozimika usiku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, taa zake zote zikiwa zimezimika na ndani kuna harufu ya kuungua, imekufa bodi, na chanzo ni umeme. Mashine ambayo kila siku ilikuwa inagoma katikati na kuonyesha herufi na namba za hitilafu huku maji yakiingia polepole, huenda haina kosa lolote. Kosa ni la tanki.

Muulize fundi jambo moja kabla hajaondoka: si kama inatengenezeka, bali ni nini kiliiua. Wengi wanajibu swali la kwanza kwa sababu ndilo wanaloulizwa. Kuhusu kutengeneza au kutotengeneza, hesabu ya safu hii ni rahisi. Gharama ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya ya aina hiyo, na mashine imekwisha kutumika kwa miaka saba au minane, achana nayo. Ikiwa chini ya hapo, tengeneza, ila uwe umeondoa chanzo.

MAJI

Wauzaji huzungumza kilo, rangi na idadi ya programu. Ni nadra muuzaji kumuuliza mteja tanki lake liko juu kiasi gani, na bado swali hilo ndilo linaloamua kama mashine ya otomatiki itafanya kazi au itamwaibisha mwenyewe mbele ya wageni.

Mashine ya otomatiki hufungua na kufunga maji kwa vali inayohitaji msukumo. Nyuma ya mashine au kwenye kitabu chake kuna kipimo kilichoandikwa MPa, na mara nyingi huanzia 0.05 au 0.1. Kila mita moja ya kimo cha maji juu ya vali hutoa takriban 0.01. Kwa hiyo 0.05 ni mita 5, na 0.1 ni mita 10, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Sasa chukua nyumba ya kawaida: simtanki limekaa juu ya mnara wa mita 3, na mahali mpira wa maji unapoingilia kwenye mashine ni karibu mita 1 kutoka sakafuni. Tanki likikaribia kuisha zinabaki mita 2, ambazo ni 0.02. Mashine inayodai 0.05 hapo itasubiri maji mpaka ichoke, kisha itaandika hitilafu na kusimama. Mwenye nyumba ataita fundi, fundi atabadilisha vali, na tatizo litabaki pale pale.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo kati ya tanki na mashine, ambayo lazima iingie kwenye bajeti siku ile ile ya kununua, siyo baadaye. Ya pili ni kununua mashine isiyohitaji msukumo, ambayo tutaifikia.

Chumvi ni suala jingine. Maji ya visima katika maeneo mengi ya Dar es Salaam na mwambao yana chumvi, na chumvi inakula alumini, inakula bati la mwili wa mashine, na pale maji yanapochemshwa huacha utando kwenye hita. Mashine ya mlango wa mbele inaumia zaidi kwa sababu pipa lake limelala na linategemea ule mkono wa nyuma peke yake. Kama huna maji mengine isipokuwa ya kisima hicho, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu inapowezekana, acha mlango wazi baada ya kufua ili ndani kukauke, na usinunue mashine ambayo pipa lake halifunguki. Swali la kuuliza dukani ni hili: beringi zikiisha, pipa hili linafunguliwa kwa bolti au limeunganishwa moja kwa moja? Muuzaji asipojua, mpigie simu fundi ukiwa umesimama hapo hapo.

Kuna pia kiasi cha maji. Mashine ya mlango wa mbele hutumia takriban lita 50 kwa mfuo mmoja, wakati ile ya kufungulia juu inaweza kufika lita 100 na zaidi. Kwa anayepata maji ya bomba bila mgawo tofauti hiyo haisikiki sana. Kwa anayenunua kwa boza au kwa madumu ya lita 20, ni tofauti kati ya madumu mawili na nusu na madumu matano kila anapofua. Mtu anayefua mara nne kwa wiki azidishe mwenyewe kwa bei ya dumu mtaani kwake.

Na sabuni, kwa kuwa iko ndani ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa vile mama wa nyumbani hupima usafi kwa povu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo huziba, hupanda mpaka kwenye droo ya sabuni, huifanya mashine isuuze tena na tena, na mabaki yake hukaa nyuma ya pipa yakisaidiana na chumvi. Sabuni yenye povu dogo iliyoandikwa kuwa ni ya mashine ina bei kubwa kwa kilo, lakini kipimo chake ni kidogo. Asiyekuwa tayari kuinunua kila mwezi asinunue mlango wa mbele.

UMEME

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Hayo yameandikwa kwenye kibao cha kila mashine, na mnunuzi wa mtumba lazima akisome kabla ya kuitazama rangi. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani ni za volti 100. Za Marekani ni volti 120 na hezi 60. Za Falme za Kiarabu na Oman zinalingana na za kwetu kwa hezi, lakini Saudi Arabia inatumia hezi 60, na bidhaa zinazopitia Dubai hazikutengenezwa zote kwa ajili ya soko la Dubai.

Transfoma ya kushusha umeme inatatua suala la volti, haitatui hezi. Mota ya kawaida isiyo na kidhibiti cha kielektroniki iliyokusudiwa hezi 60 ikipewa hezi 50 inazunguka polepole kwa moja ya sita, na inapata joto kuliko inavyotakiwa. Itafanya kazi dukani mbele yako kwa dakika kumi. Mashine nyingi za Japani zimeandikwa 50/60, kwa sababu nchi hiyo inatumia mizunguko yote miwili, hivyo kwao tatizo ni volti pekee. Ongeza bei ya transfoma yenye uwezo wa kutosha kisha ulinganishe upya. Mara nyingi unafuu unakuwa umekwisha.

Kwa mashine mpya adui ni kupanda na kushuka kwa umeme. Bodi ndiyo inayoungua, na bodi ndicho kifaa cha ghali kuliko vingi. Kilinda umeme ni lazima, ila hapa kuna kosa linalojirudia sana: watu huchukua kile cha friji, ambacho aghalabu ni cha ampea 5. Mashine yenye hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Kilinda hicho kitaungua kabla ya mashine, kama si ukuta. Nunua cha ampea 13, na usiunganishe mashine kwenye waya wa nyongeza mwembamba unaopita chini ya zulia.

Hita yenyewe inahitaji kufikiriwa. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 60 kunakula zaidi ya nusu uniti, mbali na kazi ya mota. Kwa nyumba inayojitahidi kubaki ndani ya kikomo cha uniti 75 kwa mwezi cha daraja la matumizi madogo, mifuo michache ya maji moto kila wiki inatosha kuisukuma nje. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Tanga yana vuguvugu la kutosha kwa nguo nyingi. Wa Arusha, Mbeya na Njombe wana hoja ya kutaka hita. Wa pwani wengi wanalipia kitu wanachopaswa kukizima.

AINA TATU NA MAONI YA SAFU HII

Sokoni zipo aina tatu. Mashine ya mapipa mawili, moja la kufua na moja la kukamua, ambayo mtu husimama nayo, huhamisha nguo kwa mkono na kugeuza saa ya kukata muda. Mashine ya otomatiki ya kufungulia juu. Na mashine ya otomatiki ya mlango wa mbele.

Ya mapipa mawili inadharauliwa, hasa na wanaohamia nyumba mpya, kwa kuwa haipendezi jikoni. Kwa maoni ya safu hii inastahili heshima zaidi. Haina bodi ya kuungua, au ikiwa nayo ni ndogo. Haidai msukumo wa maji; unaweza kuijaza kwa ndoo. Umeme ukikatika katikati ya kufua, nguo hazifungiwi ndani. Ina mota mbili rahisi, beliti, kapasita na saa, vitu ambavyo mafundi wengi wa redio na feni wanavifahamu. Udhaifu wake ni kwamba inataka mtu wa kusimama nayo, inakula maji, na pipa la kukamua ni dogo kuliko la kufulia, hivyo kilo zilizoandikwa mbele kwa herufi kubwa ni za kufua peke yake. Lakini nyumba yenye msaidizi, tanki la chini na maji ya kisima haina sababu ya kuikimbia.

Otomatiki ya kufungulia juu inafaa kwa familia ambayo watu wazima wote wanatoka asubuhi, maji yanatosha, na mafundi wapo. Haichagui sana sabuni. Ya mlango wa mbele inafua vizuri kuliko zote, inatunza maji na haichoshi nguo, na kwa anayeishi kwenye fleti yenye maji matamu na msukumo mzuri hakuna ya kuishinda. Nje ya hapo ni mashine inayotunzwa na mazingira ambayo wengi wetu hatuna.

Kilo hupimwa kwa nguo kavu. Familia ya watu watano haihitaji kilo 12 kwa sababu ya blanketi moja linalofuliwa mara mbili kwa mwaka. Blanketi hilo linaweza kwenda kwa dobi. Mashine ya kilo 7 au 8 ikijazwa robo tatu itadumu kuliko ya kilo 12 iliyoshindiliwa mpaka mlango unasukumwa kwa goti.

KUHUSU STIKA ZA MBELE

Stika inayovutia kuliko zote ni ile ya dhamana ya miaka 10. Soma maandishi madogo: kwa kawaida ni dhamana ya mota tu. Mota za kisasa zisizo na kaboni ni imara kweli, na ndiyo maana mtengenezaji hana wasiwasi kuahidi miaka 10. Kinachokufa ni bodi, pampu, sili na mpira wa mlango, na hivyo kwa kawaida viko chini ya dhamana ya mwaka mmoja au miwili. Ni sawa na kukuwekea bima ya kichwa wakati unatembea bila viatu.

Stika ya pili ni ya matumizi ya umeme ya Ulaya. Umoja wa Ulaya ulibadilisha vipimo vyake Machi 1, 2021, na sasa vinaanzia A hadi G. Mashine yenye A+++ imepimwa kwa utaratibu wa zamani. Siyo mbaya kwa sababu hiyo, lakini usiilinganishe na yenye C mpya ukadhani ya kwanza imeipita mbali.

Tarehe hiyo hiyo Ulaya ilianza kuwalazimisha watengenezaji kuweka vipuri muhimu vya mashine za kufulia, zikiwamo pampu, mota na beringi, kwa miaka isiyopungua 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Ni habari njema kwa mkazi wa Hamburg. Sheria hiyo haimlazimishi mwakilishi wa Dar es Salaam kuwa na hata skurubu moja. Ila kwa mwenye ndugu Ulaya inamaanisha kwamba kipuri cha mashine ya huko kinaweza kuagizwa na kuja ndani ya begi.

MTUMBA

Safu hii haipingi mtumba. Mashine nzuri ya miaka minne kutoka Ulaya inaweza kuizidi mpya ya bei ya chini. Inapinga kununua kwa macho.

Mashine ya mlango wa mbele ikitoka kiwandani pipa lake limefungwa kwa bolti ndefu nyuma, ili lisicheze safarini. Aliyeitumia kwanza alizitoa na pengine akazitupa. Ikasafiri baharini ndani ya kontena bila bolti, pipa likigonga huku na huku kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mtumba mwingi unafika ukiwa na shokapu zilizochoka na mabati yaliyopinda. Ingiza mkono, shika ukingo wa pipa la ndani, linyanyue juu na chini. Pipa la ndani na la nje yanapaswa kucheza pamoja. La ndani likicheza peke yake, beringi zimekwisha. Kisha lizungushe taratibu ukiwa umesikiliza. Mtaani kuna kelele, kwa hiyo inama kabisa. Vuta mpira wa mlango uone kama kuna ukungu na nyufa. Omba ijazwe maji na ikamue mpaka mwisho. Duka lisilo na maji ya kufanyia jaribio limekujibu tayari.

Wanaopendelea mitumba ya Uingereza wakumbuke kwamba Januari 2020 kampuni ya Whirlpool iliziita mashine zaidi ya 500,000 za Hotpoint na Indesit zilizouzwa nchini humo kuanzia 2014, kwa sababu kitasa cha mlango kingeweza kupata joto kupita kiasi na kuwasha moto. Mashine iliyokwisha kuvuka bahari haifuatwi na tangazo kama hilo. Namba ya aina na ya mfululizo iko kwenye ukingo wa mlango. Iandike na uitafute kabla ya kulipa.

HESABU

Tuchukue mfano, na bei zake ni za mfano tu. Mashine ya kwanza inauzwa sh. 700,000/-, vipuri vyake havipatikani, na inakufa baada ya miaka miwili. Ya pili ni sh. 1,100,000/-, inadumu miaka sita na katika muda huo inakula matengenezo ya sh. 250,000/-. Ya kwanza imegharimu sh. 350,000/- kwa mwaka. Ya pili, sh. 225,000/-. Kwa hiyo zile sh. 400,000/- za ziada zilizotolewa mwanzoni zinaokoa sh. 125,000/- kila mwaka, yaani zaidi ya asilimia 30. Hakuna akaunti ya muda maalumu ya benki inayolipa hivyo.

Lakini angalia ni kitu gani kimebeba hesabu hiyo. Si jina la mashine, ni zile sh. 250,000/- za matengenezo kuwezekana kufanyika. Kipuri kisipopatikana, mashine ya sh. 1,100,000/- nayo inakufa mwaka wa pili na hasara yake ni kubwa kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye duka la mashine, nenda kwanza kwenye maduka ya vipuri ukiwa na namba kamili ya aina unayoitaka, uulize vitu vitatu: pampu ya kutolea maji, mpira wa mlango na bodi. Kwa mashine ya mapipa mawili uliza saa, kapasita na beliti. Ukiambiwa njoo kesho katika maduka matatu, badili chaguo lako.

Ukilipa, dai risiti ya EFD yenye jina na namba ya aina, na kadi ya dhamana iliyogongwa mhuri siku hiyo hiyo. Uliza dhamana inatekelezwa na nani: duka, au mwakilishi wa mtengenezaji? Bidhaa iliyoingizwa na mfanyabiashara binafsi kutoka Dubai inaweza kukataliwa na mwakilishi wa hapa hata kama jina ni lile lile. Kwa kawaida dhamana ya nyumbani haihusu mashine inayofanya kazi ya biashara, kwa hiyo anayetaka kufulia majirani kwa malipo ajue kwamba analiacha jambo hilo pembeni. Yale maandishi ya chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi yasikutishe kupita kiasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Ukiwa na risiti yenye maelezo kamili una pa kuanzia.

Ikifika nyumbani, kama ni ya mlango wa mbele, toa zile bolti za nyuma kabla ya kuiwasha na uzihifadhi kwenye mfuko pamoja na risiti. Isawazishe sakafuni mpaka isitikisike kwenye pembe zote nne. Wiki ya kwanza ifanyishe kazi nzito kwa makusudi, mashuka na jinzi, ili kama ina ubovu uonekane duka likiwa bado linakukumbuka.

Dada yangu hatimaye alichukua ya mapipa mawili. Imekaa barazani, inajazwa kwa mpira kutoka kwenye simtanki, na ile ya pili iliyonguruma tuliiuza kwa fundi aliyehitaji mota yake. Mwezi uliopita beliti ilikatika. Fundi aliipata katika duka la pili aliloingia, akaifunga, na nguo zikawa kwenye kamba kabla ya saa sita mchana.